Funguo za vitu kwenye seva ya mchezo wa mtandaoni: njia ipi ni nyepesi na salama?

Kijana_wa_Pasua, Moshi

Nawasalimu wote, na wakubwa zangu shikamooni. Mimi na wenzangu wawili hapa Moshi tunatengeneza mchezo wa mtandaoni ambamo mchezaji anaendesha daladala au lori kwenye barabara ya kutoka Arusha hadi Moshi. Anapakia abiria na mizigo Tengeru, Usa River, Kikatiti na Boma Ng'ombe, kisha anashusha pale alipoagizwa na kulipwa nauli ya mchezoni. Seva yetu ni ya kukodi, ina kumbukumbu ya gigabaiti 2 tu, na inapiga mizunguko 20 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 50 inapokea amri za wachezaji, inasogeza magari na kutangaza hali mpya. Karibu wachezaji wetu wote wako kwenye simu na wanacheza kwa bando.

Shida iko kwenye namba za vitu. Kila gari, abiria, gunia au kreti ya soda hukaa kwenye safu moja kubwa, na namba yake ni nafasi yake katika safu hiyo. Kitu kikiondolewa, nafasi yake inahesabiwa kuwa wazi, na kitu kitakachoundwa baadaye kinapewa nafasi hiyo hiyo. Hivi karibuni wachezaji wawili waligombea gunia la mahindi lenye namba 517 lililokuwa kando ya barabara Kikatiti. Wa kwanza alilipakia, likaondolewa barabarani, na nafasi ya 517 ikachukuliwa papo hapo na abiria aliyeundwa Tengeru. Amri ya mchezaji wa pili, iliyokuwa imecheleweshwa na mtandao, ikafika ikisema "pakia 517", na seva ikamnyakua abiria wa watu Tengeru ikampandisha kwenye lori lililoegeshwa Kikatiti. Kwenye simu za wengine lilionekana gunia likiteleza barabarani kwa kasi huku likigeuka kuwa mtu.

Mwenzangu mmoja anataka kila kitu kipewe UUID, yaani kitambulisho kirefu cha biti 128 kisichojirudia, na habari iishe. Mwingine anataka tuachane na namba kabisa, tutumie vielekezi (anwani za mahali kitu kilipo kwenye kumbukumbu) vyenye hesabu ya watumiaji, ili kitu kisifutwe hadi mtumiaji wake wa mwisho atakapokiachia. Mimi ninaogopa uzito wa njia zote mbili. Ningependa kujua wenye uzoefu wanafanyaje ndani ya seva, kwenye data inayokwenda kwenye simu, na pia kwenye faili za rasilimali kama sauti, picha na vipande vya ramani, ambazo kwa sasa tunaziita kwa jina zima la faili kila mahali.

Mama_Njiro, Arusha

Marahaba kijana. Hitilafu unayoieleza ni ya zamani kuliko simu zinazouonyesha mchezo wako, na dawa yake ni nyepesi kuliko mapendekezo yote mawili ya wenzako. Safu yako ibaki na namba yako ibaki. Kinachokosekana ni kizazi.

Chukua namba ya biti 32, yaani yenye tarakimu 32 za 0 na 1, iwe ndiyo ufunguo wa kitu, kisha uigawe. Biti 20 za chini ziwe nafasi katika safu, nazo zinatosha nafasi 1,048,576. Biti 12 za juu ziwe kizazi, yaani hesabu ya mara ambazo nafasi hiyo imebadilisha mwenyewe. Kila nafasi ihifadhi kizazi chake cha sasa. Kitu kikiondolewa, kizazi cha nafasi kinaongezwa moja kabla nafasi haijarudishwa miongoni mwa zilizo wazi. Amri inapokuja na ufunguo, seva inazitenganisha sehemu hizo mbili, inakwenda moja kwa moja kwenye nafasi, inalinganisha kizazi kilichoandikwa kwenye ufunguo na kile kilichoandikwa pale, na visipolingana jibu ni kwamba kitu hicho hakipo tena. Ni kama gesti inayobadilisha kitasa kila mgeni anapoondoka: namba ya chumba ni ile ile, lakini aliyeondoka na ufunguo mfukoni hafungui.

Tulichukue gunia lako. Tuseme nafasi ya 517 iko kwenye kizazi cha 3. Ufunguo wa gunia ni 3 mara 1,048,576, ujumlishe 517, yaani 3,146,245. Gunia likipakiwa, kizazi kinakuwa 4, na abiria wa Tengeru anapata ufunguo 4,194,821. Amri iliyochelewa inafika ikiwa na 3,146,245. Seva inakuta nafasi imeshafika kizazi cha 4, inaitupa amri hiyo na kumjibu mchezaji kwamba mzigo umeshachukuliwa. Kazi yote ni kukata biti, kusoma mahali pamoja kwenye kumbukumbu na kulinganisha namba mbili. Vizazi vianze na 1 badala ya 0, ili ufunguo wenye thamani 0 ubaki kumaanisha "hakuna kitu". Utauhitaji kwa lori lisilo na mzigo, kwa abiria asiye na gari, na kwa mambo mengine mengi ambayo bado hamjayafikiria.

Wengine walishapita njia hii. Msimbo wa mchezo wa Doom 3, ambao kampuni ya id Software iliuweka hadharani mwaka 2011, unafanya jambo lile lile kwa mgawanyo tofauti: biti 12 ni za nafasi, kwa kuwa mchezo ule ulipangiwa vitu visivyozidi 4,096 kwa wakati mmoja, na biti zilizobaki ni za namba ya kuundwa kwa kitu. Katika Quake III Arena, ambayo msimbo wake ulifunguliwa mwaka 2005, nafasi zilikuwa 1,024 tu na njia ilikuwa ya kienyeji zaidi: mchezo ukishachangamka, nafasi iliyoachwa hairudiwi hadi ipite sekunde moja, isipokuwa nyingine zote zimekwisha. Maelezo yaliyoandikwa ndani ya msimbo ule yanasema wazi kwamba lengo ni kuizuia kompyuta ya mchezaji isidhani kuwa kitu kimoja kimegeuka kingine badala ya kuondolewa. Gunia linaloteleza na kugeuka mtu walishaliona.

Kuhusu vielekezi vyenye hesabu, mwambie mwenzako kwamba katika mchezo anayeamua kitu kife ni kanuni za mchezo, wala si yule aliyekishikilia mwisho. Lori likiharibika na kuondolewa, halipaswi kuendelea kuishi kwenye kumbukumbu kwa sababu tu daladala iliyokuwa nyuma yake bado inalitazama ili isiligonge. Kwa njia ya ufunguo, daladala inauliza katika kila mzunguko, "huyu yupo?", na siku ikijibiwa kwamba hayupo, inaendelea na safari. Zaidi ya hayo, kielekezi hakisafiri kwenye mtandao. Ungelazimika kutunga namba nyingine kwa ajili ya simu, na shida ingeanza upya.

Fundi_Sakina, Arusha

Dada, hoja yako naiheshimu, ila biti 12 zinanitia shaka. Vizazi 4,096 vinaisha. Kama orodha ya nafasi zilizo wazi inatumika kwa mtindo wa aliyeingia mwisho kutoka kwanza, ambao ndio rahisi kuandika na ndio watu wengi huuandika, nafasi moja inaweza kurudiwa katika kila mzunguko wa seva. Kwa mizunguko 20 kwa sekunde, vizazi 4,096 vinamalizika kwa dakika tatu na sekunde chache, kisha hesabu inarudi mwanzo na ufunguo wa zamani unaanza kufungua tena. Hitilafu ya namna hiyo ni mbaya kuliko ile ya gunia, kwa sababu itatokea kwa nadra na hakuna atakayeweza kuirudia ili aichunguze.

UUID ya toleo la 4 ina biti 122 za kubahatisha. Haijirudii kwa maana yoyote ya kiutendaji, seva yoyote inaweza kuitunga bila kuiuliza nyingine, na ukiisaka kwenye kumbukumbu za matukio unakipata kitu chako peke yake. Kwa vitu elfu arobaini, baiti 16 kwa kila kimoja ni baiti 640,000. Hata seva ya gigabaiti 2 hailalamiki kwa kiasi hicho.

Mama_Njiro, Arusha

Hesabu yako ya mzunguko ni sahihi kabisa, na ndiyo sababu orodha ya nafasi zilizo wazi inapaswa kuwa foleni: iliyoachwa kwanza ndiyo inayotolewa kwanza. Ongeza sharti kwamba hakuna nafasi itakayorudiwa kabla foleni haijawa na nafasi 1,024 zinazosubiri. Zikiwa pungufu, safu irefushwe. Kwa kasi hiyo hiyo ya kitu kimoja kwa kila mzunguko, nafasi moja itakaa nje zaidi ya sekunde 51 kabla ya kurudiwa, na vizazi vyake vyote vitachukua saa 58 hivi kumalizika. Amri iliyochelewa kwa saa 58 sijapata kuiona, hata kwenye mtandao wa huku kwetu mvua za masika zikipamba moto. Anayetaka usingizi kamili anaweza kuistaafisha kabisa nafasi iliyofikia kizazi cha mwisho hadi seva itakapowashwa upya. Kati ya nafasi zaidi ya milioni moja, kupoteza chache si hasara.

Kumbukumbu si hoja, hapo nakubaliana nawe. UUID italazimu jedwali la heshi, yaani jedwali linalokokotoa mahali pa kitu kutokana na ufunguo wake, na kutafuta humo ni polepole kuliko kwenda moja kwa moja kwenye safu, lakini kwa ukubwa wa mchezo huu jambo hilo nalitaja tu. Gharama halisi iko kwenye bando. Tuseme mchezaji anaona vitu 60 kwenye kioo chake, na seva inamtumia hali ya kila kimoja mara 10 kwa sekunde. UUID ikiandikwa kwa maandishi, kama inavyoandikwa kwenye JSON, ule muundo wa kutuma data kama maandishi, ina herufi 36. Hizo ni baiti 21,600 kwa sekunde, na kwa saa moja ya kucheza ni takriban megabaiti 78, ambazo zote ni majina tu; bado hujamwambia kitu kiko wapi wala kinaelekea upande gani. Ukiituma kwa baiti 16 bila kuigeuza maandishi, utatumia megabaiti 34 na ushee. Ufunguo wa baiti 4 unatumia megabaiti 8.6. Mtoto wa Majengo aliyenunua bando la siku kwa fedha ya chai hatajua UUID ni nini, ila atajua kwamba mchezo wenu unamaliza bando, na atawaambia wenzake.

Fundi_Sakina, Arusha

Kwa upande wa mtandao umenimaliza. Lakini tukishaanza kuhesabu baiti, mbona tunaishia kwenye 4? Mchezaji mmoja haoni vitu vyote elfu arobaini. Anaona hivyo 60, au mia moja akiwa stendi. Seva inaweza kumwekea kila mchezaji jedwali dogo la vitu anavyoviona. Kitu kinapoingia kwenye upeo wake, seva inamwambia mara moja: "namba yako ya 17 ni gunia la mahindi, liko hapa." Kuanzia hapo inamtajia 17 tu, kwa baiti moja. Kwa mfano ule ule, majina yanashuka hadi megabaiti 2 na kidogo kwa saa.

Kuna faida ya pili ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya bando. Mchezaji aliyeichezea programu ya simu hawezi kutaja kitu ambacho seva haijamwonyesha, kwa sababu hana namba yake. Mtu aliyeko Boma Ng'ombe hawezi kukaa akibahatisha funguo hadi apate gunia la Tengeru.

Babu_Kiboriloni, Moshi

Nimewasoma kwa furaha vijana wangu. Ninaongeza mambo mawili. La kwanza ni fupi na linahusu hiyo namba ya baiti moja, la pili ni refu kidogo.

Namba ya 17 ikifutwa kwa mchezaji na kupewa kitu kingine mara moja, mmeirudisha hitilafu ya gunia kwa mlango wa nyuma. Seva inaandika kwamba 17 sasa ni kreti ya soda, na wakati ujumbe huo uko njiani kwenda kwenye simu, simu imeshatuma "pakia 17" ikikusudia gunia. Jumbe mbili zimepishana njiani, na hata mkitumia TCP, itifaki ya mtandao inayohakikisha mpangilio wa jumbe za kila upande, kupishana huko hakuzuiliki. Dawa yake ni kwamba seva isiirudie namba 17 hadi simu ijibu kwamba imepokea taarifa ya kufutwa kwake. Kabla ya jibu hilo kufika, amri yoyote inayotaja 17 inahesabiwa kuwa ni ya kitu kilichoondolewa. Kwa kuwa namba za baiti moja ni 256 tu na baadhi zitakuwa zinasubiri majibu, kwenye stendi yenye msongamano huenda zisitoshe; tumieni baiti mbili mlale salama.

La pili ni kwamba msiuandike ufunguo wa biti 32 kwenye hifadhidata. Ufunguo ule ni mali ya safu, na safu hufa seva inapozimwa. Lori ambalo mchezaji amelinunua kwa fedha yake ya mchezoni linahitaji ufunguo wa kudumu ambao hautarudiwa kamwe, hata lori lenyewe likishafutwa. Kwa hilo biti 64 zinatosha. Hifadhidata ya PostgreSQL inaweza kuwapa namba mfululizo za ukubwa huo, na mwisho wake ni 9,223,372,036,854,775,807, kwa hiyo msiwe na wasiwasi wa kuzimaliza. Namba zenyewe msiziombe moja moja katikati ya mzunguko wa mchezo, maana safari ya kwenda kwenye hifadhidata inaweza kuzila milisekunde 50 zenu zote. Seva ikiwaka ichukue fungu la namba 1,000 kwa mkupuo, itoe yenyewe kutoka humo, na zikikaribia kwisha ichukue fungu lingine pembeni bila kuusimamisha mchezo. Umeme ukikatika fungu likiwa limefika nusu, namba zilizobaki zinapotea, na kupotea kwake hakuna dhara.

Mkija kuwa na seva nyingi zinazounda vitu vya kudumu kwa wakati mmoja, upo mpangilio ambao Twitter waliutangaza mwaka 2010 kwa jina la Snowflake: biti 41 ni za muda kwa milisekunde, 10 ni za namba ya mashine, na 12 ni za mfululizo ndani ya milisekunde hiyo. UUID nayo ina mahali pake hapa kwenye hifadhidata, hasa toleo la 7 lililoingizwa kwenye waraka wa viwango vya intaneti wa RFC 9562 mwaka 2024, ambalo linaanza na biti 48 za muda, hivyo rekodi mpya zinapangika jirani badala ya kutawanyika kwenye faharasa nzima kama zinavyofanya za toleo la 4. Kwa seva moja ya kukodi, namba mfululizo zinawatosha.

Kama programu yenu ya simu imeandikwa kwa JavaScript, jihadharini. Namba za kawaida za lugha hiyo hushika namba kamili kwa uhakika hadi 9,007,199,254,740,991 tu. Namba za mfululizo hazitafika huko, lakini za mtindo wa Snowflake zinapita, na zikipita tarakimu za mwisho hubadilika kimyakimya bila kosa lolote kutangazwa. Twitter wenyewe ililazimika kutuma namba hizo mara mbili, kwa tarakimu na kwa maandishi.

Kijana_wa_Pasua, Moshi

Shikamoo babu, na nawashukuru nyote. Kuna jambo moja ambalo sijalielewa. Tunakusudia baadaye kuigawa barabara katika kanda mbili, kila moja na seva yake, mpaka ukiwa karibu na njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Lori likivuka mpaka, ufunguo wake wa biti 32 utakuwaje, ikiwa nafasi ile ile kwenye seva ya pili ina kitu kingine?

Babu_Kiboriloni, Moshi

Marahaba mjukuu. Hauvuki. Kinachovuka ni ufunguo wa kudumu pamoja na hali ya lori: mwendo, mafuta, mzigo. Seva ya pili inaliundia lori ufunguo wake mpya wa biti 32, inajibu kwamba imelipokea, na hapo ndipo seva ya kwanza inapoongeza kizazi cha nafasi ya zamani. Waliokuwa wakilitazama lori kutoka upande wa kwanza wataambiwa kwamba halipo, na ndiyo kweli.

Hapo mpakani ndipo wajanja watakapopachimba, nawaambia mapema. Mchezaji atavuka na kukata intaneti katikati ili lori libaki pande zote mbili, kisha auze moja. Kila seva iwe na jedwali dogo linalotoka kwenye ufunguo wa kudumu kwenda kwenye ule wa muda wa biti 32, na ikiombwa kuliingiza lori ambalo tayari liko hai ikatae. Kwenye hifadhidata, umiliki wa lori na kanda lilipo uwe ni rekodi moja yenye sharti la upekee, na ibadilishwe kwa tendo moja lisilogawanyika. Seva inayotaka kulipokea lori isiliamini neno la jirani yake. Ibadilishe rekodi hiyo kwanza, na ikishindwa iliache lori lilipo.

Binti_Kijenge, Arusha

Naona swali la faili za rasilimali limesahaulika, nami ndilo ninalolifanyia kazi kila siku.

Kwanza jiulizeni seva inahitaji nini. Haihitaji kusikia honi wala kuona rangi ya daladala. Inahitaji umbo la kugongana, uwezo wa kubeba na kipande cha ramani chenye barabara na vikwazo. Nimewahi kuona seva ndogo ikipakia picha zote za mchezo kwa sababu tu msimbo wa upande wa simu na wa seva ulikuwa mmoja. Kuziondoa peke yake kulirudisha sehemu kubwa ya kumbukumbu. Kwenu huenda tatizo likaishia hapo hapo.

Majina ya faili yasisafiri wala yasikae ndani ya kila kitu. Mnapoijenga programu, kila rasilimali igeuzwe kuwa namba. Wapo wanaopiga heshi ya jina, yaani kuligeuza jina kuwa namba kwa kanuni maalumu ya hesabu, kwa mfano FNV-1a ya biti 32, na uzuri wake ni kwamba namba haibadiliki mkiongeza faili nyingine. Heshi mbili zinaweza kugongana: kwa faili 3,000, uwezekano wa kuwapo mgongano hata mmoja ni takriban 1 kwa 1,000, na kwa faili kama 77,000 unafika nusu kwa nusu. Hatari hiyo haitishi mradi ukaguzi ufanyike siku ya kujenga; programu ya ujenzi ikikuta mgongano isimame, nanyi mbadilishe jina la faili moja. Msiache ukaguzi huo ufanyike mchezoni mbele ya wachezaji.

Kwa vipande vya ramani, hesabu ya watumiaji inafaa, na hapa namtetea yule mwenzenu wa vielekezi, kwa sababu rasilimali haifi kwa kanuni za mchezo. Inabaki kwa kuwa bado inatumika. Kipande chenye gari hata moja kinabaki kwenye kumbukumbu. Hesabu ikifika 0 msikiondoe papo hapo. Kipange kwenye orodha ya wanaosubiri kwa sekunde kadhaa, na kiondolewe muda ukipita bila mtu kurudi au kumbukumbu ikikaribia kujaa. Bila hivyo, dereva mmoja anayezungukazunguka kwenye mpaka wa vipande viwili pale Boma Ng'ombe akitafuta abiria ataifanya seva ipakie na kupakua ramani ile ile bila kupumzika, na wachezaji wote watahisi mchezo unakwamakwama.

Kijana_wa_Pasua, Moshi

Nimeelewa, dada. Tutaanza na vizazi na foleni, kwa kuwa ndilo badiliko dogo lenye kuondoa kero kubwa. Jedwali la kila mchezaji litafuata, na vipande vya ramani baada yake. Swali langu la mwisho ni kama ukaguzi wa kizazi unatosha kuruhusu amri, au kuna jambo lingine la kukagua kabla seva haijaitekeleza.

Mama_Njiro, Arusha

Hautoshi. Kizazi kinakuambia tu kwamba kitu kipo. Baada yake kagua aina: amri ya kupakia mzigo isikubali ufunguo wa abiria, wala ya kumpandisha abiria isikubali ufunguo wa lori. Kisha kagua umbali, kwa mahali ambapo seva yenyewe inajua lori lilipo, si mahali ambapo simu inadai. Kisha haki: je, mzigo huu uliagizwa kwa mchezaji huyu, au ni wa yeyote atakayewahi? Kwa kisa chako cha kwanza, ukaguzi wa umbali peke yake ungemwokoa abiria wa Tengeru. Yote haya yakae kwenye utaratibu mmoja ambao kila amri inapita, kwa sababu yakitawanywa kwenye amri moja moja, siku moja amri mpya itaandikwa usiku na mtu aliyechoka, na itasahau mojawapo.

Fundi_Sakina, Arusha

Nyongeza ndogo kwa ajili ya siku mtakapotafuta hitilafu. Kwenye kumbukumbu za matukio msiandike 4,194,821, maana hakuna atakayeisoma. Andikeni aina, nafasi na kizazi vikiwa vimetenganishwa, kwa mfano "abiria 517/4", na kwa vitu vya kudumu muongeze ufunguo wa hifadhidata pembeni. Amri iliyokataliwa kwa sababu ya kizazi nayo iandikwe, pamoja na kizazi kilichokuja na kile kilichokutwa. Tofauti ikiwa ni 1, mara nyingi ni mtandao tu umechelewa. Ikiwa ni mia mbili, ama simu ya mtu inashikilia funguo za zamani bila kuzifuta, ama kuna anayejaribu kubahatisha, na jina la mchezaji likijirudia kwenye mistari hiyo mtajua ni lipi kati ya hayo mawili.